Kunyolewa kwa wembe wa kukunja, Majengo, Dodoma

Katika mji huu ambao vinyozi wengi hutegemea mashine ya umeme, saluni moja ndogo jirani na Soko la Majengo imeamua kunyoa ndevu kwa wembe wa kukunja, nami nimeipokea huduma hiyo kwa furaha kubwa. Kinyozi alinifunika uso kwa taulo la moto mpaka ndevu zikalainika, akapaka povu kwa brashi akiizungusha taratibu, kisha akaivuta ngozi kwa vidole vya mkono wa kushoto na kuulaza wembe kwa mshazari wa nyuzi 30 hivi, akifuata ndevu zinakolalia, jambo linalotupunguzia vipele sisi wenye ndevu za kipilipili. Kilichonituliza zaidi ni kwamba alifungua kiwembe kipya mbele ya macho yangu, kwa kuwa wembe uliomkata mtu mwingine unaweza kuambukiza homa ya ini na hata Virusi vya UKIMWI. Shilingi 10,000 si kidogo, na foleni ya Jumamosi inachosha. Ningependa pia waongeze mafuta ya kupaka baada ya kunyoa, maana upepo mkavu wa Dodoma hukausha ngozi upesi. Nitarudi kabla ya Idi.