Uzoefu wangu: seti ya kifuniko cha wavu kwa tangi la Cirrhilabrus

Samaki wa jenasi Cirrhilabrus, hawa wadogo wa baharini wenye rangi kali, si wagumu kufuga. Wape kamba wadogo waliogandishwa mara mbili au tatu kwa siku, maji ya chumvi ya nyuzi 25 yenye uzito wa mara 1.025 ya maji matamu, basi watatulia, matumbawe hawayagusi. Kinachowamaliza ni kuruka. Cirrhilabrus exquisitus, samaki wa miamba yetu ya pwani ya Afrika Mashariki, hupenya uwazi wa vidole viwili, na asubuhi unamwokota sakafuni amekauka.

Ndiyo maana nikanunua seti hii: wavu mwangavu wa matundu ya milimita 6, vipande vinne vya fremu ya alumini, kona nne za plastiki, mpira wa kubania wavu na kigurudumu cha kuusukumia.

Wavu wenyewe naupa alama zote. Mwanga unapita vizuri kuliko kwenye wavu mweusi wa dirishani, na hewa inapita, kwa hiyo maji hayapati joto kama yakifunikwa kwa kioo. Asubuhi nyingine nakuta gamba moja au mawili yamenasa kwenye uzi, na mwenye magamba anaogelea chini salama.

Kona ndizo dhaifu. Mbili zilipasuka nilipozigonga. Zitie kwa mkono tu, na kama chuma kimeacha makali baada ya kukatwa, piga tupa kwanza. Kabla ya kukata, kumbuka kona nayo ina upana wake. Zangu ni milimita 19, hivyo kila kipande nilikikata kifupi kwa milimita 38 kuliko kipimo cha mdomo wa tangi. Maelekezo ya ndani ya boksi hayasemi hilo, na ukikosea hapo umepoteza fremu.

Wavu usiuvute kwa nguvu zote. Fremu hupinda kwenda ndani, pembeni panabaki mwanya, na mwanya ndio mlango wa samaki kutokea. Bana upande mmoja, kisha wa mkabala, halafu mingine miwili. Tangi likizidi sentimita 90, tengeneza vifuniko viwili. Penye bomba kata tundu linalolibana kabisa.

Hata hivyo kifuniko hakiondoi kinachomfanya samaki aruke. Taa zipunguze taratibu kwa nusu saa badala ya kuzima ghafla, na mgeni akae siku 3 hadi 5 ndani ya kisanduku chenye matundu kilichoning'inizwa tangini, wenyeji wamzoee. Ukiwa na Pseudocheilinus hexataenia, yule wa mistari sita, mtie wa mwisho. Akitangulia atawafukuza wenzake hadi waruke.

Chumvi huganda kwenye nyuzi. Mimi naosha kila wiki kwa maji baridi ya bomba, mbali na tangi, nakausha kabisa ndipo narudisha. Wakati huo tangi limefunikwa kwa kipande cha wavu wa akiba, hata kama ni dakika kumi.