SyncNet kwa wahariri wa video: kupima inapima, ila usiiachie kuhukumu

Kama unahariri video na umechoka kubishana na mteja anayekwambia mdomo unaenda mbele ya sauti wakati wewe huoni kitu, kuna programu ya bure inaitwa SyncNet, inapima kama mdomo na sauti vinaendana. Ilitoka 2016, walioitengeneza ni Joon Son Chung na Andrew Zisserman wa Oxford, kwa mambo ya AI huyo tayari ni babu lakini watafiti wa zile video za kuzungumzisha nyuso bado wanaitumia kama kipimo mpaka leo.

Kilichonivutia ni jinsi ilivyofundishwa. Hakuna mtu aliyekaa kuweka alama hii klipu nzuri hii mbovu, walichota vipindi kibao vya BBC, wakachukulia kwamba kwenye TV sauti na picha kwa kawaida ziko sawa, hiyo ndo mifano mizuri, halafu wakaisogeza sauti makusudi ipishane na picha, hiyo ndo mibovu. Modeli ina pande mbili, mmoja unaangalia mdomo kwa fremu 5 yani sekunde 0.2 tu, mwingine unasikiliza kipande hicho hicho cha sauti, kila upande unatoa namba zake na mafunzo yote ni kuzivuta namba ziwe karibu zikiendana na kuzitenga mbali zisipoendana. Basi. Haifundishwi maana ya neno lolote, ndo maana klipu ya Kiswahili nayo inaisoma bila shida, tena maneno yetu kama baba, mbona, pembeni midomo inafunga kila mara, inapata pa kushika. Kwenye k na g huko nyuma ya mdomo hata mtu mwenye macho yake haoni kitu.

Kuiwasha kunahitaji uvumilivu kidogo, maana hakuna vitufe, ni skripti za Python na ffmpeg (programu ya kuchakata video kwa amri za kuandika), na bila kadi ya picha ya NVIDIA utapata tabu labda uguse skripti mwenyewe. Ikimaliza inakupa namba tatu: ofseti, umbali (namba za mdomo na za sauti zimeachana kiasi gani, ndogo ndo nzuri) na konfidensi (ina uhakika kiasi gani na jibu lake, kubwa ndo nzuri). Ofseti ndo pesa yote ilipo, inakwambia sauti imepishana na picha kwa fremu ngapi, na kwa video ya fremu 25 kwa sekunde kila fremu ni milisekunde 40. Mwongozo wa matangazo ya TV wa ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, unaoitwa BT.1359, unasema mtu anaanza kushtuka sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 hivi, ila ikichelewa haoni kitu mpaka kama 125. Na inaingia akilini, mtu akipasua kuni ng'ambo ya bonde unaona shoka kwanza ndo usikie mlio, sauti kuchelewa tumeizoea tangu utotoni. Kwa hiyo nikiona fremu mbili upande wa sauti kutangulia narekebisha bila kujadiliana na mtu, zikiwa upande wa kuchelewa naweza kuacha.

Sasa jueni mipaka yake. Kwa mpangilio inaokuja nayo, sura lazima ikae kwenye skrini fremu 100 mfululizo, yani sekunde 4, chini ya hapo inarukwa, na tamthilia zinavyokatwakatwa shoti utakuta nusu ya kazi haijaguswa. Pia inatafuta fremu 15 tu kila upande, kama sauti imepotea sekunde nzima haitaipata, isogeze kwanza kwa mkono.

Halafu kuna dabingi. Zile tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili, mdomo unasema Kituruki sauti inasema chetu, hapo konfidensi inashuka hata kama muigizaji wa sauti kafanya kazi ya maana, kaanza na kumaliza sentensi pale pale mdomo unapofunga. Mtazamaji wa nyumbani anaridhika kabisa, modeli inanuna. Ukimlipa mtu wa sauti kwa kufuata hiyo namba utamdhulumu, aisee.

Upande wa pili inadanganyika. 2020 walitoka watu wa chuo cha IIIT Hyderabad, India, na Wav2Lip, programu ya kubadilisha midomo kwenye video ifuate sauti yoyote, wao walichukua jaji wa aina hii hii, wakamfundisha upya, wakamgandisha asijifunze tena, kisha wakatumia hukumu yake kuifundisha modeli inayotengeneza midomo. Matokeo yao wakayapima kwa SyncNet, na kwenye kipimo cha umbali midomo ya bandia ikapata alama nzuri kuliko video halisi za watu halisi. Ni kama mwanafunzi aliyesomeshwa na mtunga mtihani. Kwa hiyo mtu akija kukuuzia huduma ya kuzungumzisha picha akajisifia alama za LSE-C na LSE-D, ambazo ni hizo hizo konfidensi na umbali za SyncNet, muombe klipu yenyewe, itazame kwa simu ukiwa na hedifoni, angalia meno na kidevu maana huko alama hizo hazikagui. Na kama mnataka kuiweka Wav2Lip ya bure kwenye kazi za kulipwa someni leseni yake kwanza, imefundishwa kwa LRS2, mkusanyiko wa klipu za watu wakizungumza zilizotoka BBC, na biashara hairuhusiwi.