Mawakili wa ada moja katika mnyororo wa mauziano ya nyumba Uingereza: tathmini ya huduma

Tuliuza fleti yetu na kununua nyumba kwa wakati mmoja, na kazi yote ya kisheria tuliikabidhi kwa ofisi ya mawakili wanaotoza ada moja iliyopangwa mapema, ambao tulipendekezewa na dalali aliyekuwa akituuzia fleti. Jina la ofisi sitalitaja. Kwa makaratasi walikuwa hodari kuliko nilivyotarajia, lakini mnyororo wenyewe hawakuushughulikia, na anayeuza ili apate kununua hahitaji kitu kingine chochote kama anavyohitaji mtu wa kuushughulikia.

Kwa ambaye hajapitia, mnyororo hutokea kwa kuwa wanunuzi wengi hawana fedha mpaka wauze nyumba waliyo nayo, na wale wanaowauzia nao wanasubiri mauzo yao ili wanunue kwingine. Chini kabisa huwa mtu asiye na nyumba ya kuuza, na juu kabisa muuzaji asiyenunua nyingine. Wetu ulikuwa na nyumba nne: kijana aliyekuwa akinunua kwa mara ya kwanza alichukua fleti yetu, sisi tukanunua kwa familia yenye watoto, familia hiyo ikanunua kwa wazee wawili waliostaafu, na wazee wakanunua nyumba tupu iliyokuwa ikiuzwa na warithi. Nchini Uingereza na Wales, ofa ikikubaliwa haimfungi yeyote. Sheria ya mwaka 1989 inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi na uliotiwa saini, na kwa desturi pande mbili hufungwa siku mawakili wanapobadilishana mikataba, jambo linaloweza kuchukua miezi. Kabla ya hapo muuzaji anaweza kupokea ofa kubwa zaidi kutoka kwa mwingine, au mnunuzi akashusha bei wakati wenzake wamekwisha kufungasha, na hakuna anayedaiwa fidia. Uskoti mambo ni tofauti, kwa kuwa huko mawakili huandikiana barua za makubaliano ambazo kwa kawaida huwafunga wahusika mapema zaidi.

Nianze na walichofanya vizuri. Uthibitisho wa utambulisho ulifanyika kwa simu ya mkononi, fomu ya taarifa za nyumba ijulikanayo kama TA6 tulijaziwa sehemu zilizojulikana, na maombi ya rekodi za halmashauri pamoja na za maji na mifereji yalipelekwa mapema, bila kusubiri mthamini wa benki amalize. Kila hatua ilionekana kwenye akaunti yetu mtandaoni. Ada yenyewe haikuwa moja kama ilivyotangazwa, kwa sababu kulikuwa na nyongeza kwa fleti kuwa ya upangaji wa muda mrefu (leasehold, yaani umiliki wa miaka maalumu) na nyingine kwa kila uhamisho wa fedha. Kamisheni waliyomlipa dalali kwa kutuleta kwao ilielezwa, kama mawakili wanavyotakiwa, ila katika ukurasa ambao mtu mwenye haraka hafiki.

Shida ilizuka kwa wale wazee. Nyumba yao ilikuwa imeongezwa chumba nyuma, na hati ya halmashauri ya kuthibitisha kwamba ujenzi ulifuata kanuni haikupatikana. Kwa muda mrefu jibu la ofisi yetu lilikuwa lilelile: tunasubiri upande wa pili. Ni kweli kwamba wakili huwasiliana na wakili wa pete inayofuata tu, wala hana mamlaka juu ya wateja wa wengine, lakini hakuna kinachomkataza kumuuliza mwenzake kikwazo kiko wapi na muda wa ofa ya mkopo ya kila mnunuzi unaisha lini. Ofa ya benki huwa na mwisho, mara nyingi kati ya miezi mitatu na sita, na ya yule kijana ilikuwa inakaribia kuisha bila ofisi yetu kulitaja hilo. Aliyegundua ni karani wa dalali, aliyepiga simu kwa kila dalali wa juu hadi akaupata mkwamo. Ufumbuzi ukawa bima ya fidia, ya kumkinga mnunuzi iwapo halmashauri itachukua hatua juu ya ujenzi huo, inayolipiwa mara moja, kwa sharti kwamba asiwepo aliyekwisha kuiuliza halmashauri kuhusu chumba hicho, kwani kuuliza kunaweza kuibatilisha. Kwa bahati familia ilikuwa bado haijauliza.

Siku ya kubadilishana mikataba ndiyo iliyodhihirisha udhaifu wa huduma. Mawakili hufanya jambo hili kwa simu, kwa utaratibu wa chama chao unaoitwa Fomula C: wakili wa chini humruhusu wa juu yake kukamilisha ubadilishanaji kabla ya saa fulani, ruhusa hupanda pete kwa pete, na juu kabisa wakifungana, simu hurudi chini mpaka wote wafungwe siku hiyohiyo. Saa ikipita, ruhusa hufa na kazi huanza upya. Ruhusa ya kijana ilikuwa mpaka saa kumi alasiri. Wakili wa familia alipopiga kuuliza kama tuko tayari, alipokelewa na kituo cha simu cha ofisi yetu, akaahidiwa kwamba angepigiwa, na hakupigiwa. Tukarudia yote kesho yake, na amana ya asilimia 10 iliyokuwa ikisubiri kupandishwa ikalala.

Siku ya kuhamia walijirekebisha. Fedha hupanda kutoka benki hadi benki, na funguo hazitolewi mpaka wakili wa muuzaji aseme amepokea, hivyo aliye juu hungoja zaidi. Kabla ya kutuma chochote walitupigia kusisitiza kwamba namba ya akaunti yao haibadilishwi kamwe kwa barua pepe, tahadhari ninayoisifu bila kusita, maana wezi huvizia siku kama hizo.

Ninawapa nyota tatu kati ya tano. Anayenunua bila kuuza, au anayeuza nyumba iliyo tupu, atahudumiwa vizuri na kwa bei nafuu. Mwenye pete mbili au zaidi juu yake ni heri aongeze fedha apate wakili mwenye laini yake ya moja kwa moja, na kabla ya kusaini amuulize nani hushika faili anapokuwa likizo. Sisi tulipolalamika, nyongeza ya uhamisho wa fedha iliondolewa kwenye ankara, ila kuhusu ile simu hawakutujibu.