Lenzi ya Picha za Sura: Ipi Inunuliwe Kwanza Nairobi

Anayetaka kupiga picha za sura na ana fedha za lenzi moja tu anapaswa kujua mambo mawili kabla ya kufika madukani Moi Avenue: ukubwa wa sensa ya kamera yake, yaani kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, na nafasi atakayofanyia kazi. Kinachobadilisha umbo la uso katika picha si lenzi yenyewe, bali ni umbali kati ya kamera na mtu. Ukimsogelea hadi nusu mita, pua hukua na masikio hurudi nyuma; ukisimama mita moja na nusu hivi, uso hubaki na uwiano wake. Lenzi nzuri ni ile inayoijaza fremu ukiwa umesimama hapo.

Kwa hiyo naiweka mbele ya zote lenzi ya milimita 50 yenye upenyo wa f/1.8, kwa mwenye kamera ya sensa ndogo, iitwayo APS-C. Milimita zikiongezeka, lenzi huvuta kitu karibu zaidi; namba ya f ikipungua, upenyo, yaani tundu la kupitishia mwanga, huwa mkubwa zaidi. Kwenye kamera za APS-C za Canon, eneo inaloona ni sawa na la milimita 80 kwenye sensa kamili, ile kubwa ya milimita 36 kwa 24, na kwenye za Nikon ni sawa na la milimita 75. Ile ya Canon iliyotolewa mwaka 2015, EF 50mm f/1.8 STM, ina uzito wa gramu 160 tu, na ndiyo ya bei nafuu kuliko zote ninazozitaja hapa.

Ya pili ni milimita 85 ya f/1.8, ambayo kwa mwenye sensa kamili ndiyo inayopaswa kutangulia. Kwenye sensa ndogo, kumpiga mtu picha nzima kutoka kichwani hadi miguuni kunahitaji zaidi ya mita saba, nafasi isiyopatikana katika studio nyingi za chumba kimoja mjini. Pima chumba chako kwanza.

Zumu ya milimita 70-200 ya f/2.8, lenzi inayoweza kuvuta na kurudisha picha, ni ya tatu. Picha zake ni bora mno, lakini ina uzito wa kilo moja hadi moja na nusu hivi na bei yake ni mzigo mwingine. Mpiga picha wa harusi moja kwa mwezi ni heri aikodi. Milimita 35 naiweka mwisho, ingawa inafaa sana unapotaka fundi wa jua kali aonekane pamoja na karakana yake.

Kuhusu matumizi, usidhani kwamba upenyo mkubwa ufunguliwe wakati wote. Lenzi ya 85 kwenye sensa kamili, ikifunguliwa f/1.8 kutoka mita moja na nusu, huacha kina cha sentimita tatu tu kinachoonekana bila ukungu, hivyo jicho moja laweza kuonekana vizuri na la pili likafifia. Lenga jicho lililo karibu na kamera, kisha funga upenyo hadi f/2.8, na kwa watu wawili, hadi f/4. Aidha, jua kali la Nairobi huidai kamera kasi ya shata ya karibu 1/8000 ya sekunde kwa f/1.8 na ISO 100 (kipimo cha wepesi wa sensa kupokea mwanga), ilhali kamera nyingi za wanaoanza hukomea 1/4000, na picha huungua kwa weupe. Saa sita mchana jua huwa karibu utosini na macho hujaa kivuli, kwa hiyo mpeleke mtu chini ya baraza. Miti ya msitu wa Karura hutoa kivuli kizuri pia, ila angalia majani yasimtie mtu rangi ya kijani usoni. Mawingu ya Julai, ambayo wengi huyalalamikia, hulainisha mwanga kuliko kifaa chochote utakachonunua.

Ukinunua lenzi iliyotumika, imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma na utafute kuvu, ambayo huonekana kama nyuzi nyembamba ndani ya kioo. Hakikisha pia kwamba inajilenga yenyewe kwenye kamera yako: Nikon D3000 na D5000 pamoja na ndugu zao hazina mota ya kulenga, hivyo AF 50mm f/1.8D italazimu ulenge kwa mkono, ilhali AF-S 50mm f/1.8G ina mota yake. Nenda na kamera yako, na upige picha kadhaa palepale kabla ya kulipa.