Tularosa cha C. L. Sonnichsen: kitabu cha mitumba kinachostahili bei yake

Miongoni mwa vitabu vya mitumba vinavyouzwa katikati ya mji wa Lubumbashi, vile vya Kiingereza hukaa muda mrefu bila mnunuzi, kwa sababu wengi wetu tumesomeshwa kwa Kifaransa. Ndiyo maana nakala ya Tularosa, kitabu cha C. L. Sonnichsen kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1960, niliipata kwa faranga 15,000 baada ya mapatano mafupi. Gundi ya mgongo imeanza kuachia, lakini kurasa zote zimo.

Anayetaka kukipima kitabu hiki hana budi kumjua kwanza mwandishi. Sonnichsen alizaliwa Iowa mwaka 1901, akakulia Minnesota, na mwaka 1931 akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard kwa utafiti kuhusu Samuel Butler, mshairi wa tashtiti wa Uingereza wa karne ya 17. Mwaka huo huo alikwenda El Paso, mpakani mwa Marekani na Mexico, kufundisha Kiingereza katika chuo cha madini. Sisi wa Katanga twaweza kukisia jinsi Butler alivyopokelewa na vijana waliokuja kujifunza kuyeyusha shaba. Aliongoza idara ya Kiingereza tangu 1933 hadi 1960, lakini jina lake lilijengwa na mambo ambayo hakuyasomea: ng'ombe, visima na visasi vya familia za mpakani.

Tularosa ni bonde kame la New Mexico, na kiini cha kitabu ni ugomvi wa maji na malisho baada ya wafugaji wa Texas kuingia katika miaka ya 1880. Mwaka 1896 mwanasheria Albert Fountain, aliyekuwa akiwaandama watu walioshukiwa wizi wa ng'ombe, alitoweka njiani karibu na White Sands pamoja na mwanawe Henry mwenye umri wa miaka 8, na miili yao haikupatikana kamwe. Mfugaji Oliver Lee alishtakiwa mwaka 1899 kwa kifo cha mtoto huyo na akaachiliwa. Hapa ndipo profesa wa fasihi anapoonyesha faida yake, kwa maana aliwasikiliza wazee na jamaa za pande zote mbili, kisha akasimulia kwa lugha nyepesi ambayo msomaji haichoki. Msomaji wa hapa atamkumbuka André Yav, ambaye mwaka 1965 aliandika historia ya Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kwa Kiswahili cha mjini kwa ajili ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa wazungu, ingawa Yav alisimulia ya kwao, ilhali Sonnichsen alikuwa mgeni aliyelazimika kwanza kuaminiwa.

Kasoro ninayoiona ni wingi wa majina. Wafugaji, mawakili na masherifu huingia na kutoka kwa kasi kiasi kwamba nililazimika kuandika orodha yangu pembeni, na bila ramani ya New Mexico mkononi, umbali kati ya mji na mji haueleweki.

Katanga, kwa kweli, haiko mbali na nchi hiyo. Bomu la kwanza la atomiki lililipuliwa Julai 1945 katika jangwa lililo kaskazini-magharibi mwa bonde hilo, na mradi uliolizaa ulitegemea sana urani ya Shinkolobwe, mgodi wa hapa Katanga.

Sonnichsen alistaafu mwaka 1972, akahamia Tucson, akaendelea kuandika na kuhariri jarida la historia ya Arizona, hadi alipofariki mwaka 1991. Mwenye Kiingereza cha sekondari atakimudu kitabu hiki akiwa na kamusi, na kwa faranga 15,000 asisite. Anayetafuta zaidi habari za wenyeji wa asili wa eneo hilo atafute kwanza The Mescalero Apaches, cha mwandishi huyo huyo, cha mwaka 1958, ambacho bado sijakiona kwa wauzaji wetu.