Kliniki ya medikali ya marubani hapa Dar, daktari nyota 5 mapokezi 2

Jana nimepima tena medikali ya daraja la kwanza, yaani kipimo cha afya cha marubani wa ndege za biashara, nina miaka 61 kwahiyo sasa ni kila miezi 6 sio 12 kama zamani, ndo viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ukivuka 60 na unarusha ndege ya abiria yenye marubani wawili, na miaka 65 ndo mwisho wa kuzirusha. Daktari yuko vizuri sana jamani. Presha kairudia mara tatu maana ya kwanza ilipanda, nilitoka kwenye foleni ya magari barabara ya Mandela, akapima moyo, masikio, macho kila jicho lifike 6/9 (yaani uone kwa mita 6 kile mwenye macho mazima anachokiona kwa mita 9) hata kwa miwani na miwani ya akiba akataka aione, halafu akauliza usingizi wangu ukoje, hilo wengi hawaulizi kabisa. Kila jibu ananieleza, hakugongei muhuri tu. Mapokezi sasa! Nimefika saa 1 asubuhi sijala kitu kwa ajili ya kutoa damu, wamenichukua saa 4, kwa umri huu sio sawa hata kidogo. Bei nayo waibandike ukutani, kwenye simu niliambiwa nyingine. Ila kwa yule daktari narudi.