Hausingi ya thamostati: ipi ununue, na kwa nini uanze na matundu ya bolti

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji kuhusu hausingi ya thamostati, yaani kasha linaloshikilia vali inayofunguka kwa joto kuruhusu kulanti ipite, yana sura moja. Gari lilianza kuvujisha kulanti (kimiminika cha kupozea injini) karibu na hozi ya rejeta, fundi akabadilisha hausingi, pakakaa pakavu kwa muda, kisha ule ukoko wa kulanti iliyokauka ukarudi pale pale, kando ya bolti. Lawama zote anabebeshwa fundi. Mara nyingi kosa lilikuja na spea yenyewe, ndani ya mfuko.

Sitakueleza kwamba uhakikishe namba ya spea inalingana na injini yako, wala kwamba thamostati ifunguke kwenye joto alilolitaka mtengenezaji. Nyuzi zimepigwa chapa juu ya thamostati, 82 au 88 au zaidi kulingana na injini, na hayo kila muuzaji anayajua. Asichokijua, au anachojifanya hakijui, ni bushi.

Hausingi nyingi za siku hizi ni za plastiki, yaani nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo. Igeuze utafute maandishi madogo kama PA66-GF30. Ukikuta PPS, hiyo ni plastiki nyingine inayostahimili maji ya moto vizuri zaidi. Sasa, plastiki iliyobanwa na bolti, ikapashwa moto na kupoa kila siku, hubonyea kidogo kidogo. Bolti haijazunguka hata chembe, ila haibani tena. Kwa sababu hiyo kila tundu la bolti huvikwa kipande kifupi cha bomba la chuma, na hiyo ndiyo bushi. Nguvu ya bolti inapokelewa na chuma, na plastiki inabaki na kazi ya kuishikilia tu oringi, ile pete ya mpira inayozuia uvujaji.

Hausingi ikiwa mkononi, lalisha ukingo wa rula ya chuma juu ya uso unaokaa kwenye injini, upite katikati ya tundu, kisha uinue kwenye mwanga. Bushi iwe sawa na plastiki au imeizidi kwa unywele. Ukiona mwanga kati ya rula na bushi, maana yake bushi imezama na plastiki ndiyo itakayobanwa; hiyo itavuja, au itapasuka siku fundi atakapoongeza nguvu ya spana. Rula ikichezacheza kwa sababu bushi imetokeza mno, oringi haitakandamizwa ipasavyo. Rudia upande wa pili, maana kichwa cha bolti nacho kinatakiwa kikalie chuma. Kisha sukuma bushi kwa kidole. Ikizunguka au ikitoka, mrudishie mwenyewe. Mshono wa wima kwenye bushi usikutishe, nyingi hukunjwa kutoka kwenye bati na hazina tatizo.

Sasa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Mahle, na upendeleo wangu sifichi. Waliokuwa wakinunua thamostati za Behr wanajua ninachosema. Mahle ilichukua hisa nyingi za Behr mwaka 2013, na Behr ilikuwa tayari inawapelekea BMW na Mercedes-Benz. Zile nilizowahi kuzipima kwa rula, bushi zilikaa sawasawa, na shingo ya hozi haikuwa na ule mstari wa kalibu unaokwaruza ukucha. Mstari huo nao ni mlango wa uvujaji: klipu inabana hozi pande zote, lakini kulanti inapenya pembeni ya mstari. Wakati mwingine utakuta sehemu ya plastiki imesagwa kana kwamba mtu alifuta kitu. Alifuta nembo ya kampuni ya gari, kwa kuwa spea hiyo hiyo inauzwa pia kwa boksi la mtengenezaji wa gari. Peke yake si dalili ya feki.

Ya pili ni Wahler, Wajerumani waliochukuliwa na BorgWarner mwaka 2014. Kama Mahle haipatikani kwa injini yako, chukua hii bila wasiwasi.

Ya tatu ni boksi lenye nembo ya kampuni ya gari lako. Ubora upo, lakini mara nyingi unalipia boksi. Ninaiweka juu zaidi kwa hali moja tu: pale ambapo hausingi imeunganishwa na vitu vingine, kama kwenye injini za EA888 za Volkswagen na Audi, ambako thamostati na pampu ya maji vinakaa ndani ya mwili mmoja wa plastiki. Kuifikia ni kazi kubwa, na hakuna anayetaka kuirudia.

Ya nne ni hausingi za aluminiamu zinazouzwa kuchukua nafasi ya plastiki. Najua wengi mtanishambulia hapa. Kwa injini kama Ford ya V6 ya lita 4.0, ambayo hausingi yake ya plastiki inajulikana kwa kuvuja, aluminiamu ina maana. Lakini watu huinunua wakidhani chuma hakina kasoro. Uso wake ukiwa haukusawazishwa vizuri, utavuja kuliko plastiki mbovu, na ukiendesha kwa maji matupu badala ya kulanti, kutu nyeupe italila eneo la oringi mpaka libaki na vishimo. Kipimo cha rula kinatumika hapa pia.

Gates na Febi ziko katikati. Pima bushi kisha uamue.

Zisizo na jina: hapana.

Kinachonikera ni wauzaji. Mfuko umefungwa, ukiomba uufungue uangalie unaambiwa ukifungua umenunua. Kwenye mtandao, picha zote ni za upande wa juu. Uso wa chini, wenye bushi na mfereji wa oringi, haupigwi picha kamwe. Oringi wanaiuza peke yake kwa bei inayotia hasira, wakati inatakiwa iwe ndani. Halafu kuna wanaosisitiza ununue seti nzima ilhali injini yako ina mfuniko mdogo wa aluminiamu usio na ufa wowote. Huo unahitaji kusafishwa kwa kikwangulio cha plastiki, gasketi mpya na thamostati mpya. Basi. Ila kama thamostati ina kile kipini kidogo kinachochezacheza, kiwe upande wa juu ili hewa ipite, isipokuwa kitabu cha gari kiseme vinginevyo.

Kwa atakayefunga mwenyewe: subiri injini ipoe kabisa, kwani mfumo una shinikizo na kulanti ya moto inaruka usoni. Oringi ilainishe kwa kulanti yenyewe. Oili na grisi ya kawaida huvimbisha mpira wa aina hii. Silikoni usiipake penye oringi. Inazuia oringi kukaa, na vipande vyake vinavyokatika huishia kwenye rejeta. Bolti za M6 kwa kawaida zinataka kati ya 8 na 10 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), lakini namba ya kitabu chako ndiyo sheria, na zikazwe kwa kupokezana, kidogo kidogo. Toa hewa, hita ikiwa imefunguliwa kwenye moto, kisha ukague kiwango cha kulanti tena injini ikishapoa.

Na muuzaji akikuambia "ni ile ile, tofauti ni boksi tu", mpe rula akuonyeshe.